Silinda ya nyuma "inakufa" kwenye taa nyekundu: je, injini imechoka?

"Salaam, ndugu mtaalamu. Mimi ni dereva wa lori mwenye umri wa miaka 52, mzaliwa wa Morogoro, na sasa ninaishi Dallas, Texas. Nyumbani niliendesha pikipiki ndogo kwa miaka mingi, na huku nina leseni ya pikipiki. Nataka kununua pikipiki kubwa ya safari, iliyotumika, niwe nasafiri na mke wangu. Safari tunayoiwaza kwanza ni ya kwenda Denver. Nimeona tatu: Harley-Davidson Electra Glide ya 2005 yenye maili 38,000, Harley Street Glide ya 2018 yenye injini ya Milwaukee-Eight 107, na Indian Challenger ya 2021. Ile ya 2018 niliijaribu mwezi wa saba, saa saba mchana. Nilipokaa kwenye taa nyekundu mlio ulibadilika ghafla, injini ikawa kama inamisi, kana kwamba silinda moja imekufa. Nilipoondoka ikarudi sawa. Paja langu la kulia lilikuwa linaungua. Ile ya 2005 nayo ikinguruma imesimama inatikisika hadi kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Rafiki yangu anasema injini zote mbili zimechoka, na kwamba hata zikiwa nzima, Wamarekani bado wanatumia teknolojia ya kale ya kusukuma valvu kwa fimbo, kwa hiyo ninunue Challenger kwa sababu ina rejeta. Mwingine anasema nibadilishe egzosi tu, joto litaisha. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na nadhani ndiyo maana marafiki zako wanakuvuta huku na huku. La kwanza ni kama ulichokisikia na kukihisi ni ubovu. La pili ni pikipiki ipi kati ya hizo tatu itakufaa wewe na shemeji. Nitaanza na la kwanza, maana ukilielewa vizuri, la pili litakuwa jepesi.

Jibu fupi ni kwamba kile kilichotokea kwenye taa nyekundu, kwa maelezo uliyotoa, karibu hakika si ubovu. Ni kazi ya kompyuta ya injini, na imewekwa makusudi. Mtikisiko wa ile ya 2005 nao ni wa kuzaliwa nao. Lakini hiyo haimaanishi kwamba pikipiki hizo ni salama kununuliwa kwa macho yaliyofumbwa, kwa sababu ile ya 2005 ina jambo moja ambalo rafiki yako hakulitaja kabisa, nalo ndilo ningelihofia kuliko mtikisiko wowote.

Ili uelewe, inabidi tuingie ndani ya injini yenyewe. Harley-Davidson, kampuni iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1903, ilitoa injini yake ya kwanza ya silinda mbili zenye umbo la V mwaka 1909, na tangu wakati huo injini zake kubwa za safari zimeshikilia pembe ileile ya nyuzi 45 kati ya silinda ya mbele na ya nyuma. Jambo la pili, ambalo watu wengi hawalijui, ni kwamba konrodi zote mbili, vyuma vinavyoshika pistoni, hushika pini moja tu ya krankshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Tena hazikai ubavu kwa ubavu kama ilivyo katika injini nyingi nyingine; moja imegawanyika kama uma, na ya pili inaingia katikati ya meno ya uma huo. Kwa mpangilio huo silinda ya nyuma inakaa nyuma kabisa ya ile ya mbele, kwenye mstari mmoja, bila kuchomoza kushoto wala kulia.

Maamuzi hayo mawili, pembe ya nyuzi 45 na pini moja, ndiyo yaliyozaa karibu kila kitu ulichokiandika. Tuanze na mlio. Injini ya mapigo manne huhitaji mizunguko miwili ya krankshafti, yaani nyuzi 720, ili kila silinda iwake mara moja. Injini ambayo pistoni zake mbili zimegawana kazi sawasawa ingewasha kila baada ya nyuzi 360. Hapa haiwezekani: silinda moja ikishawaka, nyingine huwaka baada ya nyuzi 315, kisha kunakuwa na ngoja ya nyuzi 405 kabla ya ile ya kwanza kuwaka tena. Pigo, pigo, kimya. Pigo, pigo, kimya. Ndio mngurumo wa kuchechemea ambao wapenzi wa pikipiki hizi huutambua hata wakiwa ndani ya nyumba, na ambao kampuni iliwahi kuomba mwaka 1994 usajiliwe kuwa alama yake ya biashara, ikaja kuliondoa ombi hilo mwaka 2000. Kwa hiyo mlio usio na uwiano wenyewe si dalili ya injini kuchoka. Injini mpya kabisa iliyotoka kiwandani leo asubuhi inalia hivyohivyo.

Sasa joto. Silinda hizi hupozwa hasa kwa upepo unaopita kwenye mapezi yake. Ya mbele inapata upepo wa kwanza, na ya nyuma, kwa kuwa imejificha mgongoni mwa mwenzake, inapata upepo uliokwisha kupashwa moto. Bomba lake la moshi linapita upande wa kulia, karibu na paja lako, likielekea kwenye kichujio cha moshi, kifaa ambacho hufanya kazi yake kikiwa cha moto sana. Ukiwa kwenye barabara kuu kwa maili 70 kwa saa, hayo yote hayakusumbui kwa sababu upepo ni mwingi. Ukisimama kwenye taa za Dallas mwezi wa saba, nyuzi joto 38 kivulini, upepo haupo, injini ya cc 1,746 inaendelea kuchoma petroli chini ya kiti chako, na silinda ya nyuma ndiyo inayoteseka zaidi.

Wahandisi walilijua tatizo hilo, wakalitafutia njia. Injini ikifika joto fulani, pikipiki ikiwa imesimama na hujavuta mafuta, kompyuta husitisha kumwagia petroli silinda ya nyuma. Pistoni yake inaendelea kupanda na kushuka kama kawaida, lakini inavuta hewa tupu na kuitoa hewa tupu, kwa hiyo badala ya kuzalisha joto inasaidia kulipunguza. Injini nzima inanguruma kwa silinda moja. Mara tu unapovuta mafuta au pikipiki inapoanza kutembea, petroli inarudi na silinda inaamka. Indian nao wana mfumo wa namna hiyo kwenye injini zao kubwa zinazopozwa kwa hewa. Mmiliki wa Harley anaweza kuuzima na kuuwasha mwenyewe, na utaratibu umeandikwa kwenye kitabu cha mmiliki. Mimi huwashauri watu wanaoishi Texas wauache umewashwa, hata kama mlio wake unawaudhi.

Utajuaje kwamba ndicho ulichokisikia, na kwamba hukukutana na injini inayomisi kweli? Rudi kwa muuzaji asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, na umwombe asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja karibu na injini bila kuigusa, uhakikishe ni baridi. Iwashe, uiache ingurume dakika mbili tatu huku umesimama upande wa kulia na sikio likielekea bomba. Kwa wakati huo unatakiwa usikie mapigo mawili na ngoja, bila kukosa hata moja. Injini inayomisi kwa plagi mbovu, koili mbovu au njia ya hewa inayovuja haingoji kupata joto ndipo ianze. Mara nyingi humisi ikiwa baridi, au humisi ukiwa unavuta mafuta, au huwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Mfumo nilioueleza hufanya kazi injini ikiwa ya moto na imesimama tu, hurudi sawa papo hapo ukivuta mafuta, wala hauwashi taa yoyote ya onyo. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ulipoondoka ilirudi sawa. Hiyo ndiyo alama yake.

Kuhusu mtikisiko, V ya nyuzi 90 inaweza kusawazishwa kwa uzito uliowekwa kwenye krankshafti hadi nguvu kubwa za kwanza za kutikisa zikamalizana zenyewe. V ya nyuzi 45 yenye pini moja haiwezi. Kwa hiyo ilibidi kuchagua: ama kuuzuia mtikisiko ndani ya injini kwa uzito unaozunguka kinyume, ama kuiachia injini itikisike lakini mtikisiko usimfikie mpanda. Pikipiki za safari za Harley zimefuata njia ya pili tangu 1980, injini ikiwa imebebwa na raba. Ikinguruma polepole, unaiona kwa macho ikicheza ndani ya fremu, na usukani na vioo vinacheza nayo. Ukipanda hadi mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, raba zinaumeza mtikisiko na kila kitu kinatulia. Electra Glide ya 2005 iko hivyo tangu siku ilipozaliwa. Ile ya 2018 inatikisika kidogo kwa sababu injini ya Milwaukee-Eight, iliyoanza kuuzwa kwenye pikipiki za mwaka wa modeli 2017, inatumia njia zote mbili: raba zimebaki, na ndani umeongezwa uzito wa kusawazisha ambao kampuni inasema unafuta asilimia 75 ya mtikisiko wa msingi. Hilo liliwawezesha kushusha kasi ya kunguruma hadi mizunguko 850 kwa dakika.

Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni mtikisiko unaobaki au kuongezeka ukiwa kwenye mwendo. Ukiona hivyo kwenye ile ya 2005, raba za kubebea injini huenda zimepasuka, au bushi za mkono wa gurudumu la nyuma zimelegea, na pikipiki nzito iliyolegea sehemu hizo inaweza kuyumba kwenye kona ndefu. Hilo si la kujaribia barabarani ukiwa na abiria.

Sasa nifike kwenye kauli ya "teknolojia ya kale". Ni kweli kwamba kamshafti ya Harley, yaani mhimili unaofungua valvu, iko chini, ndani ya sanduku la injini, na valvu zilizo juu zinasukumwa na fimbo ndefu zinazopita kwenye vile vibomba vinavyong'aa ubavuni. Ni kweli pia kwamba mpangilio huo ni wa miaka mingi. Lakini kifaa kuwa cha zamani na kifaa kuwa duni ni mambo mawili. Ukiweka kamshafti juu ya kila silinda, injini inarefuka kwenda juu, na injini hii tayari ni ndefu kwa sababu mwendo wa pistoni yake ni mrefu: katika Milwaukee-Eight 107 pistoni ina kipenyo cha milimita 100 na inasafiri milimita 111. Ikirefuka zaidi, tangi na kiti navyo vinapanda, na mpanda wa kimo cha kawaida hakanyagi chini vizuri na pikipiki yenye uzito wa karibu kilo 370. Fimbo zinaiweka kamshafti chini, na uzito unakaa chini.

Faida ya pili utaiona mfukoni. Ukiwa dereva wa lori unajua maana ya kurekebisha tapeti, yaani kurekebisha nafasi ya valvu. Injini hizi zina tapeti za oili, zinazojaza pengo zenyewe, na kwa matumizi ya kawaida hakuna anayefungua kichwa cha injini ili kupima nafasi ya valvu. Udhaifu wa fimbo ni kwamba hazipendi mizunguko ya kasi sana. Ila pikipiki ya safari haihitaji kasi hiyo. Ile Street Glide ikiwa gia ya sita kwa maili 70 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 40 tu kwa sekunde, na nguvu yake kubwa ya kuzungusha, pauni-futi 111, iko karibu hapo hapo kwenye mizunguko 3,250. Unavuta mafuta kidogo, inapanda mlima na mizigo bila kushusha gia. Milwaukee-Eight, kama jina lake linavyodokeza, ina valvu nane, nne kwa kila silinda, pamoja na plagi mbili kwa kila silinda. Ni fimbo za zamani zinazofungua mlango mpana wa kisasa. Mimi naona ni kazi ya uhandisi ya kuheshimika, na simwelewi mtu anayeipima injini kwa mahali ilipo kamshafti bila kuuliza injini hiyo imekusudiwa kufanya nini.

Niongeze jambo moja kwa sababu rafiki yako amezungumza kana kwamba pikipiki ya Marekani ni V ya fimbo na basi. Honda Gold Wing, yenye injini ya silinda zilizolala zikitazamana, nne mwanzoni na sita tangu 1988, ilitengenezwa Marysville, Ohio, kuanzia 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 2000, kabla utengenezaji wake haujahamishiwa Japani. Wafanyakazi wa Ohio walizitoa kwa maelfu, zikipozwa kwa maji, zikiwa tulivu kama gari dogo. Ukikutana na moja iliyotunzwa, usiipite bila kuiangalia.

Turudi kwenye ile ya 2005, maana hapa ndipo nataka usome polepole. Injini yake inaitwa Twin Cam 88, ya cc 1,450, na jina linatokana na kamshafti mbili zilizo chini ubavuni. Kamshafti hizo huzungushwa na cheni mbili, moja nje na moja ndani, na katika pikipiki za safari za kuanzia 1999 hadi 2006 kila cheni ilikazwa na kikaza chenye springi kali na kiatu cha plastiki kinachosuguana na cheni muda wote injini inapozunguka. Springi haichoki kusukuma, cheni haichoki kukwangua, na kiatu ndicho kinacholika. Ukifungua kifuniko cha kamshafti upande wa kulia na kumulika kwa tochi, cha nje kinaonekana mara moja: kizuri kina uso mpana wenye mistari miwili hafifu ya cheni, na kibovu kina mifereji mirefu, kingo zilizomeguka, na oili iliyo chini yake ina chembe za plastiki kama makombo. Chembe hizo huelekea kwenye pampu ya oili na kuziba njia zake nyembamba. Kiatu kikiisha kabisa, cheni inasaga chuma, unga wa chuma unaingia kwenye oili, na hapo injini ambayo jana ilinguruma vizuri inaweza kufa safarini.

Mafundi wengi hukagua vikaza hivi kila maili 25,000 hivi. Pikipiki uliyoiona ina maili 38,000. Kwa hiyo mwulize muuzaji swali moja tu: vikaza vya cheni za kamshafti vimeshabadilishwa, na risiti iko wapi? Akikuonyesha risiti ya kuwekewa vikaza vya kisasa vinavyokazwa kwa mgandamizo wa oili, vya aina iliyoanza kutumika kwenye pikipiki za safari za 2007, basi hofu yangu kubwa imeondoka. Akisema hajui, hesabu gharama hiyo kwenye bei, na usiiendeshe kwenda popote mbali kabla kifuniko hakijafunguliwa. Ukiona kiatu cha nje kimeliwa, usikiamini cha ndani hata kama hukioni. Wapo watakaokuambia uweke kamshafti za gia badala ya cheni. Ni suluhisho zuri, lakini linakubalika tu kama krankshafti imenyooka vya kutosha, na hilo hupimwa kwa kipimo maalumu.

Ile ya 2018 haina ugonjwa huo. Ina kamshafti moja na kikaza cha oili. Malalamiko yaliyosikika zaidi kuhusu injini za Milwaukee-Eight za miaka ya mwanzo ni mawili. Katika baadhi ya injini, oili ilibaki nyingi mno chini ya krankshafti badala ya kuvutwa na pampu, hasa kwenye mwendo mkali wa muda mrefu, na pikipiki ikawa nzito na ya moto. Pampu iliboreshwa baadaye. Katika nyingine, oili ya giaboksi ilihamia kwenye sanduku la cheni ya klachi. Usisahau kwamba pikipiki hizi za Harley zina oili tatu zinazotengana, ya injini, ya giaboksi na ya sanduku la klachi, na kila moja ina kipimo chake. Ukikuta ya giaboksi imepungua na hakuna tone chini ya pikipiki, ujue imehama. Si jambo la kuitupa pikipiki, ila ni jambo la kulijua kabla hujatoa pesa.

Challenger ni kitu cha ukoo mwingine, ingawa kwa mbali unaona V ileile. Indian ni jina la zamani kuliko Harley, lilianzia Springfield, Massachusetts, mwaka 1901, likafunga milango 1953, na chini ya kampuni ya Polaris, iliyolinunua 2011, likapata injini mpya. Ya Challenger inaitwa PowerPlus: V ya nyuzi 60, cc 1,768, inayopozwa kwa maji, kamshafti ikiwa juu ya kila silinda, valvu nne kila moja, na pistoni pana yenye kipenyo cha milimita 108 inayosafiri milimita 96.5 tu. Linganisha na zile 100 kwa 111 za Harley nawe utaona nia mbili tofauti. Pistoni pana ya safari fupi inapenda kuzunguka haraka na kupumua kwa wingi, ndiyo maana injini hiyo inatoa nguvu za farasi 122. Valvu zake nazo zinajirekebisha zenyewe kwa oili, kwa hiyo hupotezi ile faida niliyoisifu juu. Oili ni moja kwa injini, klachi na giaboksi.

Je, rejeta inaondoa joto? Hapana, inalihamisha. Petroli iliyochomwa inatoa joto lake lazima, na maji yanalibeba hadi mbele ya fremu ambako feni inalipulizia nje. Kwenye taa nyekundu feni ikianza kufanya kazi, sehemu ya hewa hiyo ya moto itapita miguuni mwako. Lakini joto la injini yenyewe linadhibitiwa vizuri zaidi, halipandi hovyo kwenye foleni, na silinda ya nyuma haibaki yatima. Kwa mtu anayekaa Dallas na kuendesha ndani ya mji kila siku, hiyo ni faida ya kweli, wala rafiki yako hakukosea kuitaja. Alikosea aliposema ndiyo sababu pekee ya kununua. Upande wa pili wa mizani ni kwamba mtandao wa mafundi na vipuri vya Harley ni mkubwa zaidi nchini Marekani, na ukiharibikiwa katika mji mdogo kati ya Amarillo na mpaka wa Colorado, tofauti hiyo utaihisi. Zaidi ya hapo kuna mifumo ya vifaa na kompyuta ambayo fundi wa mtaani aliyezoea Harley anaweza asiwe nayo.

Ipo pia njia ya katikati ambayo hujaitaja. Baadhi ya Harley za safari za kuanzia 2014, kama Ultra Limited, zina maji yanayozunguka kwenye vichwa vya silinda tu, karibu na valvu za moshi, na rejeta ndogo mbili zimefichwa kwenye vikinga upepo vya miguuni. Nataja hii si kwa ajili ya joto tu bali kwa ajili ya shemeji. Street Glide na Challenger, kama zinavyotoka kiwandani, zina kiti chembamba cha abiria na hazina mgongo wa kuegemea. Kutoka Dallas hadi Denver ni karibu maili 800. Mwanamke anayekaa siku mbili akishika kiuno cha mumewe bila pa kuegemeza mgongo hatapanda mara ya pili, na ndoto yenu itaishia hapo. Electra Glide na Ultra Limited zina sanduku la nyuma lenye mgongo laini. Unaweza kuvifunga vitu hivyo kwenye zile nyingine mbili, lakini vihesabu kwenye bajeti kabla, usivikumbuke baadaye. Nenda naye, apande nyuma pikipiki ikiwa imesimama, akae robo saa nzima, na asikie mwenyewe.

Kuhusu kubadilisha egzosi, ushauri huo una chembe ya ukweli na hatari ndani yake. Bomba lisilo na kichujio cha moshi linapunguza joto karibu na paja, hilo siwezi kukuficha. Lakini kuondoa kichujio hicho kwenye pikipiki ya barabarani ni kinyume cha sheria ya shirikisho ya hewa safi. Na injini ikipewa bomba linalopumua tofauti bila kompyuta kurekebishwa, mchanganyiko wa petroli na hewa unaweza kuwa mkavu, yaani wenye petroli kidogo mno, na mchanganyiko mkavu unaongeza joto lilelile ulilotaka kulikimbia. Anza na mambo ya bei ndogo: vikinga joto vya ngozi au plastiki vinavyofungwa chini ya kiti, suruali nzito ya kupandia, oili ya daraja sahihi iliyobadilishwa kwa wakati, na petroli ya okteni 91 au zaidi, ambayo kwenye vituo vingi vya Texas utaikuta imeandikwa 93. Zingatia kwamba namba za okteni za Marekani huhesabiwa kwa wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo 91 ya huku inakaribiana na 95 ya kwetu, usije ukamshauri vibaya ndugu aliyeko nyumbani.

Ukiniuliza ningekuwa wewe ningefanya nini, nitakujibu wazi. Kama safari zenu zitakuwa za barabara kuu zaidi kuliko foleni, ningetafuta Harley yenye Milwaukee-Eight na sanduku la nyuma, yaani ndugu wa ile ya 2018 na si ile yenyewe. Kama pikipiki itakuwa pia ya kwendea kazini kila siku kupitia taa hamsini za Dallas, Challenger iliyofungwa mgongo wa abiria ingenishawishi. Electra Glide ya 2005 ningeinunua tu ikiwa bei yake ni ya chini kweli na vikaza vimethibitishwa; ina gia tano, ina miaka mingi, lakini ikitunzwa inasafiri, na fundi yeyote anaijua.

Kabla ya kulipa, kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukufanyia. Chukua namba ya fremu ya kila pikipiki uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani, uone kama kuna urekebishaji wa kiwanda ambao haujafanyika. Ukarabati huo kwa kawaida ni bure. Lipa fundi huru, asiye na uhusiano na muuzaji, aikague pikipiki ikiwa imeinuliwa juu. Mpe kazi zilizotajwa kwa majina: vikaza vya cheni kwa ile ya 2005, viwango vya oili tatu kwa ile ya 2018, kipozeo na hosi zake kwa Challenger, na kwa zote raba za injini, bushi za nyuma, mkanda wa gurudumu, umri wa tairi na mafuta ya breki, ambayo hayatakiwi kupitisha miaka miwili. Na ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini unaofuata mzunguko, ukiona taa ya oili inawaka injini ikiwa ya moto, au oili ina rangi ya maziwa, zima papo hapo na usikubali kuambiwa "ndivyo zilivyo".

Jambo la mwisho linahusu mikono yako. Pikipiki uliyoizoea Morogoro huenda haikufika hata theluthi ya uzito wa hizi, na miaka mingi ya kuendesha ndogo humpa mtu ujasiri ambao kubwa haiusamehi kwenye mwendo wa polepole, kwenye maegesho, au kwenye kugeuza juu ya changarawe. Leseni unayo, lakini tafuta darasa la siku moja la wapanda pikipiki nzito, ujifunze kuigeuza polepole na kuinyanyua ikianguka, kisha uendeshe peke yako wiki kadhaa kabla shemeji hajapanda. Na ukienda kuijaribu tena ile ya 2018, nenda mchana uleule wa joto, pitia taa zilezile, uisubiri silinda ya nyuma ilale, halafu vuta mafuta taratibu usikilize inavyoamka.